Mama Chumvi na Mashine ya Mafua

Mpendwa tunayemzika leo alizaliwa tarehe 9 Machi 1979, mtoto wa kwanza wa karani wa posta na mshona nguo, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni. Alikuwa mtoto wa kufungua vitu. Baba yao, aliyekwisha kututangulia, alikuwa akisema, "Huyu ukimpa saa, atakurudishia vipande na maelezo." Mdogo wake wa kike, aliyeandika wasifu huu, alizaliwa miaka mitano baadaye, na kwa muda mrefu ndiye aliyesingiziwa vyote vilivyofunguliwa.

Alisoma shule ya msingi iliyo jirani na reli, kisha sekondari ya bweni, na mwaka 2003 akahitimu shahada ya biokemia chuo kikuu. Huko ndiko alikokutana na kirusi cha mafua makali, na tangu hapo hakikumtoka kichwani. Shahada ya uzamivu aliipata mwaka 2010, mama yao akalia ukumbini kwa sauti, hata mgeni rasmi akasimamisha hotuba.

Kazi yake ilikuwa ngumu kuieleza, lakini yeye aliieleza hata kwa fundi bomba. Ndani ya kirusi kile mna mashine ndogo iitwayo polimerasi, yenye sehemu tatu zilizoshikamana: moja hushika, moja hukata, moja huandika. Seli zetu huutii ujumbe wenye kichwa maalumu mwanzoni mwake. Kirusi hakiwezi kujitengenezea kichwa hicho, basi hukata vichwa vya ujumbe wetu na kuvitanguliza kwenye wake. "Ni mwizi wa barua zenye mhuri," alituambia mezani. "Anakata pale penye mhuri, anaandika uongo wake chini, na seli maskini inatii." Tena mashine hiyo hunakili bila kusahihisha makosa yake, ndiyo maana mafua ya mwaka huu si yale ya mwaka jana. Yeye alitafuta umbo la ile sehemu inayokata, ili dawa ipate pa kuiziba.

Ili kuliona umbo hilo, lazima sehemu hiyo, ambayo ni protini, igandishwe iwe fuwele, yaani chembe zinazong'aa kama za sukari, na fuwele hazina haraka na mtu. Mwaka 2012, baada ya kungoja sana, aliona chini ya hadubini vipande vinavyong'aa. Aliita maabara nzima, soda zikanunuliwa. Mkuu wa maabara, mzee asiye na maneno mengi, akavigusa kwa sindano. Fuwele ya protini ni laini, husagika. Hii ililia tak! "Hongera," mzee akasema, "umegundua chumvi." Marehemu alicheka mpaka akakaa sakafuni, na soda zikanywewa vilevile. Kuanzia siku hiyo akaitwa Mama Chumvi, kabla hata hajawa mama wa mtu. Fuwele za kweli alizipata miaka miwili baadaye.

Mumewe ni fundi majokofu. Alikuja kutengeneza jokofu la maabara, akamkuta dada wa watu amesimama mbele ya jokofu hilo kama askari. "Fundi, ukilizima hili, umenizima mimi." Shemeji yetu akajibu, "Basi silizimi, dada. Nitakaa hapa mpaka uniruhusu." Walifunga ndoa Agosti 2013, wakajaliwa binti mmoja, ambaye sasa ana miaka kumi.

Mwaka jana aligundulika kuwa na saratani ya damu. Dawa zilianza kumsaidia, ila zilimwacha na mwili usio na ulinzi, na chanjo haikumshika vizuri. Daktari alimwambia jambo alilolijua kuliko daktari: mafua yangeweza kumuua. Mwezi uliopita binti alirudi kutoka shule na homa. Mtoto alijifungia mwenyewe chumba cha nyuma asije akamwambukiza mama yake, bibi yake akamhudumia. Alasiri moja bibi alikuwa ametoka kwenda duka la dawa. Mtoto akaanza kutapika na kulia. Marehemu akavaa barakoa, akaenda mlangoni. Kutoka ndani mtoto alisema, "Mama, usiingie." Mdogo wake akamzuia: "Niache niingie mimi, dada! Wewe kati ya watu wote!" Akajibu, "Mimi kati ya watu wote ndiye ninayejua. Sogea." Akaingia, akamsafisha mwanawe, akampakata mpaka homa iliposhuka.

Alilazwa wiki hiyo hiyo. Alifariki asubuhi ya tarehe 14 Juni 2025, mumewe akiwa amemshika mkono. Imetuuma, inatuuma, na hatujui itaacha lini kutuuma.

Tangu siku hiyo binti yake hajavua barakoa. Hakubali kushikwa. Hata sasa amekaa peke yake mwisho wa benchi, na mama yake mdogo alipomwita asogee, alisema, "Nisije nikamuua na mwingine." Kwa hiyo wasifu huu hauwezi kwisha bila maneno ambayo marehemu aliyasema kitandani, huku akivuta hewa kwa shida, akaagiza yasomwe mbele ya watu wote: "Msimdanganye kwamba mafua haya yalitoka hewani, mwanangu si mjinga. Mwambieni hakuniletea mafua. Alinikataza, nami nikamfuata mwenyewe. Nilijua ninachokiendea, na leo angelia tena, ningeingia tena."

Mwanetu, umesikia. Aliyesema hayo alikuwa mtaalamu.

Marehemu ameacha mume, mama mzazi, mdogo wake, wanafunzi wa maabara waliombeba mabegani leo, na binti mmoja asiye na kosa lolote. Mungu ampe mama pumziko la amani, na mtoto ampe usingizi.