Sista Verna Amepumua

Ndugu, jamaa na majirani mliokanyaga theluji kuja kumsindikiza mama yetu, familia inawashukuru kwa miguu yenu, na sasa inawaomba masikio yenu.

Marehemu Verna Maud Noseworthy, ambaye kisiwa kizima kilimwita Sista Verna, alizaliwa tarehe 3 Februari 1941 hapa hapa Lower Skerry, Newfoundland, akiwa mtoto wa tano wa mvuvi wa chewa, Bwana Eleazar Pardy, na mkewe Bi. Tryphena. Alisoma katika shule ya kanisa, na mwaka 1959 akapanda meli ya posta kwenda St. John's kusomea uuguzi na ukunga, huku baba yake akinung'unika kwamba msichana akishazizoea taa za mjini harudi tena kupaa samaki. Alirudi mwaka 1962, akaufungua mlango wa zahanati yetu, na hakuuacha hadi alipostaafu mwaka 2003.

Kuhusu ndoa, wengi mnaijua habari yake, kwamba kijana Hedley Noseworthy alifika zahanati na ndoana imemzama kidoleni, akatibiwa, baada ya wiki akaja na ndoana nyingine kidole kingine, na alipokuja mara ya tatu Verna alimtazama akamwambia, "Hedley, ukitaka kuniona njoo na maua, hivyo vidole vitakuishia." Walifunga ndoa tarehe 20 Juni 1964, wakajaliwa watoto wawili, Calvin mwaka 1967 na Glenda mwaka 1970.

Alikuwa mama mkali wa mdomo na mwepesi wa mkono wa kupakua chakula. Wajukuu wake watano, ambao aliwafundisha kupima mapigo ya moyo kabla hawajajua kufunga kamba za viatu, hawajawahi kutoka nyumbani kwake bila mkate uliopakwa molasi, ile asali nzito ya miwa.

Machi mwaka 1989, Calvin, aliyekuwa na miaka ishirini na mmoja, alitoka na mashua kuwinda sili, upepo ukageuka, barafu ikafunga ghuba, na kijana hakuonekana. Siku ya pili yake, wanaume wakiwa wamesimama gatini wanatazama weupe mtupu, Bi. Dulcie Hynes alishikwa na uchungu, mtoto ametanguliza makalio, na ndege ya wagonjwa haiwezi kuruka kwa dhoruba. Mkunga alikuwa mmoja tu. Bi. Dulcie, aliyeko hapa leo, anasimulia mwenyewe kwamba alimshika mkono akamwambia, "Sista Verna, nenda gatini ukamngoje mwanao, mimi nitajikaza."

"Gatini nikafanye nini, niisukume barafu?" Verna akamjibu. "Sukuma wewe, huyo wako tunaye hapa."

Alifanya kazi mchana kutwa, hakutazama dirishani hata mara moja, ila Bi. Dulcie aliona midomo yake inatembea, akajua anaomba. Mtoto alitoka akiwa wa buluu, Verna akampulizia na kumsugua mpaka akalia, na kilio kile hakijanyamaza vizuri Hedley akasukuma mlango, ndevu zimeganda, akasema, "Verna, wamempata. Yu hai, na anauliza kuna nini cha kula."

Ndipo watu walipomwona Sista Verna akikaa sakafuni, na aproni yake ya kazi, akilia na kucheka kwa pamoja. Alipofika nyumbani alimchapa Calvin begani kwa glavu iliyolowa, akisema, "Mshenzi mkubwa wewe! Umenizeesha!" kisha akamkumbatia mpaka kijana akaomba nafasi ya kupumua, ndipo akampakulia supu ya njegere, bakuli juu ya bakuli.

Ugonjwa wa mapafu kukakamaa ulimwanza mwaka 2019, na majira haya ya baridi ulimtesa sana, kila pumzi akiinunua kwa jasho, yeye aliyewapa wengine pumzi. Alikataa kupelekwa mjini, akasema, "Jamani, nimechoka kugombana na hewa, acheni nigombane nayo nyumbani kwangu."

Asubuhi ya tarehe 9 Aprili 2024, Glenda akimchana nywele, aliomba dirisha lifunguliwe, baridi ikaingia na harufu ya chumvi, akavuta pumzi moja ndefu isiyo na mluzi, akaitoa taratibu, na hakuvuta nyingine. Glenda akasema, "Asante Mungu," kisha akajiziba mdomo kwa aibu ya neno lile. Baba yetu Hedley, aliyekuwa amekaa miguuni pa kitanda, akamwambia, "Usijizibe, mwanangu. Hata mimi nilikuwa nalo hilo hilo mdomoni, nikakosa ujasiri."

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliokuja na mitungi ya hewa hata barabara ilipozibwa na theluji, wafanyakazi wenzake wa zamani wa zahanati, Mchungaji, na majirani mliochimba njia hadi mlangoni kwetu kila asubuhi bila kuombwa. Tunawaomba msituonee haya mkituona tunatabasamu katikati ya machozi, kwa maana mama yetu alikuwa akiumia, na sasa haumii.

Lala, Mama. Hakuna anayekuita, na kila mtu wako yuko salama.