Maji Moto Wapo

Wasikilizaji wapendwa, popote mlipo, iwe Cheyo, iwe Urambo, iwe kwenye behewa la treni inayochelewa kama kawaida yake, wakubwa shikamooni, na wadogo zangu nawapokea. Hapa ni Shamila Adinani. Leo sina muziki wa kufungulia kipindi. Leo nina marehemu wa kumtetea.

Marehemu ni Bi Shifaa Abdulnasser Muhanna. Amefariki Jumatano ya wiki iliyopita, nyumbani kwao Cheyo, akiwa na miaka sitini na minane. Alikuwa mtafiti wa kakao. Narudia kwa waliochelewa kuwasha redio: mtafiti wa kakao, hapa hapa Tabora. Najua kuna aliyecheka sasa hivi. Cheka tu, ndugu yangu. Waliocheka kabla yako ni wengi, na yeye alishawazoea.

Baba yake alikuwa na duka katikati ya mji. Kwenye rafu ya juu palikaa kopo la kakao kutoka ng'ambo, la wateja wenye nazo. Mdogo wa marehemu, Bimdogo, mdogo kweli kama jina lake, anasimulia: "Dada alikuwa darasa la nne. Akamuuliza baba, kakao inatoka wapi? Baba akasema, kwenye kopo. Na kopo? Kwenye boksi. Na boksi? Akafukuzwa dukani."

Jibu alilipata mwenyewe, ukubwani. Alipangiwa kazi Kyela, kwenye utafiti wa kakao. Hakuwa daktari. Hakuwa profesa. Alikuwa msaidizi wa maabara, na kazi hiyo aliifanya miaka ishirini na sita. Huko ndiko alikoona kwamba kakao ni yetu, inatoka kwetu ikiwa mbegu, inaturudia ikiwa kopo. Jambo hilo lilimuudhi mpaka anaingia kaburini.

Huko pia ndiko alikojifunza habari za wadudu. Kuna mdudu mwembamba anayefyonza matunda ya kakao yakiwa machanga. Anayatia madoa meusi, yanasinyaa. Na kuna adui wa mdudu huyo, sisimizi wekundu wanaoshona majani ya mti kujenga viota vyao. Bi Shifaa alipelekwa pwani kusoma habari za sisimizi hao. Wapwani wanawaita maji moto. Lishike hilo jina, msikilizaji. Maji moto ni sisimizi.

Mwaka 2011 alistaafu, akarudi nyumbani. Angeweza kukaa barazani akinywa kahawa na kusema watu. Badala yake alikwenda Urambo, akatazama mabani ya kukaushia tumbaku, akatazama misitu inayoishia humo. Akamwambia Bimdogo: "Tumbaku inataka kuni. Kakao inataka kivuli. Mimi nimeshachagua."

Afisa mmoja wa kilimo, jina lake tuliache, alimwambia kwa upole wa dharau: "Bibi, kakao haioti Tabora. Hii si nchi yake."

"Na embe?" akauliza Bi Shifaa.

"Embe limefanyaje?"

"Embe lilikuja huku na misafara. Wapagazi wanakula njiani, wanatupa kokwa. Nani alilidai kibali? Leo mwembe ni mwenyeji kuliko mimi na wewe."

Akapanda miche mitatu nyuma ya nyumba, Cheyo, kwenye kivuli cha mwembe, pale maji ya udhu yanapotiririkia. Kiangazi cha Tabora mnakijua. Miche ilinyauka, ikazinduka, ikanyauka tena. Mwaka wa nne ikazaa. Bimdogo anasema: "Nilidhani ni ugonjwa. Matunda yameota kwenye shina, kama chunjua! Nikamwita dada aje aone. Alikaa chini akalia."

Zilipovunwa, mbegu zikavundikwa kwenye sanduku, zikafunikwa majani ya mgomba siku sita. Na kakao ikivundikwa, jamani, inanuka. Inanuka pombe. Mtaa mzima ukaanza kunong'ona kwamba kwa akina Muhanna, watu wa swala tano, siku hizi wanapika gongo. Wazee wawili wakaja kuuliza kwa adabu zote. Bi Shifaa aliwafunulia sanduku, kisha akawanywesha kakao ya moto kwa asali ya miyombo. Waliondoka wakiomba ya kupeleka nyumbani. Kwa kuwa chokoleti ya kipande inayeyuka kwa joto letu, yeye na mdogo wake walitengeneza vidonge vigumu vya kutia kwenye maji ya moto. Mpaka leo Idi haifiki Cheyo bila vidonge hivyo.

Sasa twende Urambo, maana huko ndiko kwenye kesi.

Urambo alipata wakulima tisa waliokubali kujaribu. Kiongozi wao ni Nestory, mkulima wa tumbaku tangu ujana wake. Kila mmoja alipanda miti ishirini, bondeni, kwenye visima vifupi, chini ya migomba. Mradi mmoja ukawashika mkono kwa miche na usafiri. Mwaka 2017 matunda ya kwanza yalipotokea, yule mdudu mfyonzaji naye akatokea. Wengine wakataka kupiga dawa ya tumbaku. Bi Shifaa akawa mkali: "Dawa ya tumbaku kwenye tunda la kuliwa? Hapana." Akaandika karatasi ya maelekezo, ukurasa mmoja, ikachapwa hapa mjini kwenye duka la stationari, nakala hamsini. Ndani yake palikuwa na sentensi hii: "Maji moto yawekwe kwenye kila mti, asubuhi, kabla jua halijawa kali."

Mtu wa pwani angejiuliza. Lakini sisi ni watu wa bara. Kwetu maji moto ni maji, tena ya moto.

Siku nne baadaye simu ikaita Cheyo. Bimdogo alikuwepo, akasikia yote.

"Bi Shifaa, shikamoo. Nestory hapa. Tumeshamaliza."

"Marahaba, Nestory. Mmemaliza nini?"

"Kumwagia. Sufuria moja kila mti, yanatokota. Ila kwangu kuni ziliniishia, ile mitatu ya mwisho maji yalikuwa vuguvugu. Haina shida?"

Bi Shifaa alikaa sakafuni na simu mkononi.

Wakulima wanne walimwaga maji. Miti sitini na mmoja iliungua. Wale watano wengine walikuwa hawajapata nafasi, na siku nyingine uvivu nao ni rehema. Waliounguza ndio waliokuwa watiifu, waliomwamini neno kwa neno. Hilo ndilo lililomuumiza.

Kesho yake alikuwa Urambo. Nestory hakumkaribisha kiti. Alimpeleka moja kwa moja shambani, akashika shina, gome likabaki mkononi.

"Bi Shifaa, nimeacha tumbaku kwa ajili yako. Nimechekwa kwa ajili yako. Kuni za mwezi mzima nimezimaliza asubuhi moja, naua miti yangu kwa mkono wangu! Nikueleweje?"

"Kosa ni langu, Nestory."

"Basi?"

"Basi. Sina lingine la kuongeza. Nitakuja kila wiki mpaka utakaponiambia nisije."

Wakubwa wa mradi walipokuja, mmoja wao akatoa ushauri. Tuandike, akasema, kwamba wakulima hawakuelewa maelekezo. Bi Shifaa akakataa. Mwingine akasema, basi tuandike mchapaji alikosea, maana kweli rasimu ya mkono ilikuwa tofauti. Akakataa pia. Alisema: "Karatasi ina jina langu. Niliisoma kabla haijatoka, nikaipitisha. Andikeni Shifaa." Wakaandika Shifaa. Wakafunga na mfuko wa hela.

Yeye hakufunga kitu. Alikwenda kila wiki, kwa nauli yake. Mwezi wa pili wa safari hizo alipanda gari na magunia mawili yaliyofungwa kamba, abiria wakijikuna njia nzima bila kujua kwa nini. Ndani ya magunia mlikuwa na viota. Nestory, bado kanuna, akapanda ngazi kufunga kiota cha kwanza mtini. Kiota kikapasuka. Akaruka chini anajipiga mwili mzima, anapiga kelele: "Mama wee! Maji moto! Nimemwagiwa maji moto!"

Bi Shifaa akasema taratibu: "Eeh. Ndilo jina lao."

Wale wakulima walicheka mpaka wakakaa chini. Nestory mwenyewe ananiambia ndiyo siku aliyomsamehe.

Miti ile sitini na mmoja aliihesabu kila mwezi. Thelathini na minane ilichipua upya kutoka kwenye kisiki. Na penye sisimizi, katika kila matunda mia, yaliyofyonzwa yalikuwa tisa. Pasipo na sisimizi, arobaini na manne. Aliandika yote kwenye daftari, na lile kosa aliliandika ukurasa wa kwanza, ili asije mtu akalikosa. Utafiti, alikuwa akisema, si kusema kilichofaulu tu.

Januari hii ilimfikia barua kutoka kwa waliorithi ule mradi. Alikuwa kitandani tayari. Barua inasema shamba la majaribio la Urambo lifungwe na miti yote ing'olewe kabla ya mwisho wa mwezi huu. Sababu yao ni hii, naisoma ilivyo: "Mtafiti aliwaelekeza wakulima kumwagia miti maji yanayochemka, hivyo takwimu zake haziaminiki." Miaka ya kazi, madaftari kumi na moja, yafutwe kwa sentensi moja. Bimdogo alimsomea. Dada yake akamwambia: "Isome tena. Polepole. Nataka nikasirike vizuri." Aliomba kalamu ajibu. Mkono haukukubali. Wiki tatu baadaye akatutoka.

Wasikilizaji wapendwa, sasa nifike kwenye deni langu.

Nilikwenda msibani. Bimdogo alinipa lile daftari la kwanza, akaniambia, "Ulifungue wewe." Ndani mlikuwa na rasimu ya karatasi ile, kwa kalamu ya bluu, kwa mkono wa Bi Shifaa: "Maji moto wawekwe kwenye kila mti." Wawekwe. Kama mnavyosema sisimizi wawekwe. Juu yake, kwa kalamu nyekundu, mtu amekata na kuandika: yawekwe.

Mwandiko ule mwekundu ni wangu.

Mwaka 2017 nilikuwa mchapaji kwenye stationari ile. Nilijiona bingwa wa Kiswahili. Nilimwambia mwanamke aliyenizidi umri mara mbili: "Bi Shifaa, maji hayawi wawekwe, maji ni yawekwe." Alikuwa anawahi gari la Urambo. Akaisoma mbio mbio, akaniamini, akaondoka. Mwezi uliofuata alirudi na karatasi ya kusahihisha. Akaniambia tu: "Mwanangu, safari hii andika ninavyosema." Nikaandika: "Maji moto ni wadudu, si maji. Kosa ni langu, Shifaa." Maneno hayo yamepita kwenye vidole vyangu hivi. Nilijua. Nikanyamaza miaka minane, na yeye kila Idi ananiletea vidonge vya kakao hapa redioni, hajanigusia hata siku moja.

Nimeshauriwa nisiliseme hili hewani. Nalisema. Bi Shifaa hakumwelekeza mtu yeyote kumwaga maji yanayochemka. Ni mimi, Shamila Adinani, niliyebadilisha herufi moja. Rasimu ipo, na nakala yake nimeituma jana kwa walioandika barua. Takwimu zake ni safi kuliko dhamiri yangu.

Bimdogo, familia yote ya Muhanna, na ninyi wakulima tisa wa Urambo, poleni sana. Mwenyezi Mungu amrehemu na ampe kivuli, yeye aliyekipenda kivuli. Nanyi mnaonisikiliza, hasa tunaoishi kwa maneno, walimu, maafisa, watangazaji: kabla hujamsahihisha mtu, muulize alimaanisha nini. Na ukikosea, usingoje mwenzako afe ndipo useme.

Kabla sijazima kipaza sauti, moja la mwisho. Nestory alikuja msibani na gunia. Ile miti mitatu ya Cheyo ilikuwa imeingiliwa na wadudu tangu mwenyewe alale kitandani. Akapanda, akafunga kiota, akaumwa vilivyo, na wanawake wa msibani wakacheka katikati ya machozi. Aliposhuka akanionyesha kibao cha mbao walichoandika yeye na wakulima wenzake kwa rangi, cha kusimika kwenye njia ya shambani Urambo, kuwajibu wenye barua. Kimeandikwa: "Miti haing'olewi. Anayetaka aje. Maji moto wapo."

Akaniuliza: "Dada Shamila, wewe ndiye mtu wa Kiswahili. Kiko sawa?"

Nikamwambia: "Usiguse hata herufi."