Fundi Anselme na Mita Nne za Ukuta wa Kaskazini

Marehemu Anselme Corbineau, ambaye leo amelala mbele yetu katika kanisa hili la Vaubrenne, alizaliwa tarehe 9 Machi 1941, nyumba ya tatu kutoka lango la makaburi, mtoto wa pekee wa fundi mwashi Léonce na mkewe Berthe, akasoma shule ya hapa kijijini tangu mwaka 1947 hadi 1955, kisha akaweka kalamu chini na kushika patasi ya baba yake.

Tarehe 20 Juni 1964 alifunga ndoa na Odile Chabrier, chini ya dari hii hii, wakajaliwa Solange mwaka 1966 na Firmin mwaka 1969.

Kazi yake kubwa ya kwanza, mwaka 1967, ilikuwa kuziba upya maungio ya mawe ya kuta hizi, na kwa kuwa alikuwa kijana, na saruji ndiyo iliyosifiwa na kila mtu, alikwangua chokaa iliyokaa humo tangu mwaka 1247, akajaza saruji, nasi tukamshangilia. Lakini kanisa la matao ya ncha halina utulivu, dari husukuma kuta nje, mategemeo ya mawe yaliyo nje huzirudisha ndani, na mawe yanayosukumana hivyo huhitaji chokaa laini ya kupumulia, ilhali saruji iliyafungia maji tumboni. Tarehe 11 Januari 1982 maji hayo yaliganda, barafu ikayapasua mawe, kipande kikubwa kama mkate kikaangukia benchi ambalo Solange alikuwa ameliacha punde kwenda kuwasha mshumaa.

Tangu siku hiyo hatukumwona Anselme ametulia. Kila Jumamosi isiyo ya baridi kali, kwa miaka arobaini na moja, aling'oa saruji yake mwenyewe, ungio baada ya ungio, akarudisha chokaa, na hata katikati ya misa aliinuka kupapasa ukuta, padri akamsubiri. Odile alimtania, "We Anselme, ulinioa mimi au ukuta?" akajibu, "Wewe huvuji, mke wangu," naye akamrudishia, "Haya, tangulia kufa, utaona!"

Septemba 2021 mapafu yalimlemea kwa vumbi la saruji ile ile, daktari akamkataza ngazi, akapanda. Novemba iliyopita alilowesha chokaa ya mwisho shimoni nyuma ya mnara, iive hadi Pasaka ipite, na Jumatatu tarehe 17 Aprili 2023, saa nne asubuhi, alifariki nyumbani kwake, baada ya kumwambia Firmin, "Bado mita nne, mwanangu. Saruji nisiione."

Familia inamshukuru Daktari Peyrac, wauguzi, majirani walioleta supu bila kuulizwa, na waashi wenzake waliobeba jeneza. Chokaa imeiva, nayo ikikauka imepotea, kwa hiyo baada ya mazishi wenye miiko ya uashi waje upande wa kaskazini, ambako Odile, anayevuja tangu Jumatatu kama alivyoahidi, ameomba ajaze ungio la kwanza yeye, akiwa na nguo zake hizi hizi za msiba.

Tulia sasa, Anselme. Zile mita nne ni zetu, na ni za chokaa.