Bi Hebu Rudia, Mpimaji wa Vihisi vya Muda

Huyu tunayemzika leo ni Bi Hebu Rudia, binti wa mshona viatu ambaye soli yake haikubanduka, na wa mkunga aliyepokea nusu ya watu waliosimama hapa. Alizaliwa tarehe 9 Juni 1971, kitindamimba wa watoto wanne, akalia kabla hajaguswa.

Shule ya msingi alimaliza mwaka 1985, akasonga mbele hadi chuo kikuu, akasomea fizikia. Sisi tulioishia darasa la saba tulimuuliza hiyo ni kazi gani. Akajibu, "Shangazi, kuna chembe ndogo kuliko vumbi. Zinagonganishwa, nasi tunataka kujua kila moja imepita lini hasa." Nikamwambia, "Mwanangu, mimi hata fundi bomba sijui atapita lini." Alicheka hadi akakaa chini.

Tangu 1998 alikuwa maabara, akipima vihisi vya muda, vyembamba kama ukucha, vinavyonasa saa hasa chembe inapopita. Kila kimoja kililinganishwa na kihisi kinachoaminika, walichokiita shahidi. Kilichoyumba kilikataliwa, hakuna kubembelezana.

Mwaka 2001 aliolewa na mwokaji mikate. Alipochumbiwa pale duka la mikate alisema, "Hebu rudia," kama alivyodai kila kipimo kazini. Bwana akadhani hakusikia, akapaza sauti hadi wateja wakageuka. Jina likamganda. Walijaliwa mabinti wawili.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2021. Hospitalini, kilichomnyima raha kuliko sindano ni trei nzima ya vihisi aliyoikataa wiki yake ya mwisho kazini, nayo ilisubiri kutupwa. "Vyote vibovu kwa mkupuo mmoja?" alisema. "Nimehukumu watoto wa watu, na shahidi mwenyewe sikumkagua." Alihofia waya wa shahidi ulikuwa umelegea.

Alituaga asubuhi ya tarehe 3 Machi 2023. Ameacha mume, mabinti wawili, kaka watatu, na shangazi anayesoma haya. Mola amlaze mahali pasipo haraka.

Siku moja kabla ya kutuaga, alimwita fundi mwenzake wa meza moja, aliyembishia sana juu ya trei ile.

"Kaka, usiitupe."

"Si nilikwambia, dada, kwamba ni vizima?"

Akamkazia macho. "Hujui bado. Wala mimi sijui. Anza na shahidi, kaza waya wake, ndipo upime kimoja kimoja. Vikikataa tena, vitupe, wala usinionee huruma."