Mtani Hujibiwa Msibani: Maisha ya Sajenti Alois Callixte Lyamba (1948–1997)

Baba Padre, wazee wetu, majirani wa Ilembo, nanyi nyote mliokuja kutushika mkono, familia inaomba mkae vizuri, kwa kuwa historia hii ni ndefu kidogo, na marehemu mwenyewe, alipokuwa bado na nguvu za kuketi kitandani, aliagiza isifupishwe, isipambwe, na isianze kusomwa kabla Bwana Kija Nathanael hajapatiwa kiti cha mbele. Bwana Kija tumemwona, ameketi, tunamshukuru kwa kuja.

Marehemu Alois alizaliwa tarehe 14 Agosti 1948 katika kijiji cha Kapalamsenga, kando ya Ziwa Tanganyika, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Callixte Lyamba na Mama Séverine, na wa kwanza kuishi kupita umri wa kunyonya. Kuzaliwa kwake hakuwezi kuelezwa bila kuwataja waliomtangulia. Babu yake, Mzee Lyamba, alichukuliwa na Wajerumani mwaka 1915 akiwa anaanika dagaa, akapewa kwanza mzigo na baadaye bunduki, akaifuata vita ile mpaka kusini kabisa, akarejea mwaka 1919 bila vidole viwili vya mguu wa kushoto, akiwa amemwongoza kwa kamba mwenzake wa Karema aliyekuwa amepofuka. Baba yake, Mzee Callixte, aliingia KAR, jeshi la Mwingereza, mwaka 1941, akafika Burma, akarudi mwaka 1946 na koti zito la jeshi ambalo wajukuu wote wa nyumba hii wamelilalia, na yeye naye hakurudi peke yake, alirudi na mifupa ya kidole cha rafiki yake aliyezikwa huko, akaikabidhi kwa mama wa rafiki huyo kabla hajafika kwake. Hawakupewa shamba, wala cheo, walichopata ni neno moja lililosemwa ufukweni kote kila walipopita, kwamba wa kwa Lyamba hawaachi mwenzao. Neno hilo ndilo urithi pekee alioachiwa marehemu, na ndilo aliloibiwa.

Alisoma shule ya misheni huko Karema kuanzia mwaka 1957 hadi 1964, alipomaliza darasa la nane, akisifiwa kwa hesabu na kukemewa kwa kukataa kuimba. Tarehe 1 Julai 1968 alijiunga na Jeshi la Wananchi wa Tanzania, na siku ya kuagana Mzee Callixte hakumpa wosia mrefu, alimwambia tu, "Ukirudi peke yako, uwe na sababu." Alipanda ngazi taratibu bila kumbebea mkubwa yeyote begi, akafikia cheo cha sajenti mwaka 1977.

Tarehe 20 Oktoba 1973 alifunga ndoa na Specioza, binti wa kijiji cha Litapunga, ambaye leo mnamwona amevaa kaniki, na Mungu aliwajalia watoto wanne, Ezekia, Sikujua, Nyamizi na Callixte mdogo. Harusini Bwana Kija alikuwepo. Kwa wageni waliotoka mbali inafaa kueleza kwamba ukoo wa Bwana Kija na ukoo wa Lyamba ni watani tangu mababu walipokutana katika njia za misafara, na mtani, kama mjuavyo, ana ruhusa ya kusema lolote harusini, sokoni na msibani, naye anayesemwa haruhusiwi kukasirika, akikasirika hulipa. Siku ile mtani alikalia kiti cha bwana harusi, akagoma kuinuka mpaka apewe jogoo, akatangaza kuwa bibi harusi ameonewa, watu wakacheka, na marehemu alicheka kuliko wote. Walipendana. Hili nalo aliagiza lisomwe.

Vita vya Kagera vilipoanza, marehemu aliondoka na kikosi chake mwezi Novemba 1978, naye Bwana Kija, aliyekuwa mgambo wa Litapunga, akaungana na kikosi hicho hicho mwezi Desemba, wakafurahi kukutana, wakagawana sigara na handaki moja. Mwezi Julai 1979 Bwana Kija alirudi Mpanda akiwa mzima, akapita Kapalamsenga kuwasalimu wazee, na Bibi Séverine, ambaye kwa miezi minne hakuwa amesikia habari zozote za mwanawe, alimuuliza mbele ya watu, "Mwanangu umemwacha wapi, baba?" Bwana Kija alijibu, "Mama, mwanao ana mbio huyo, tulimfukuza na gari la jeshi hatukumpata." Waliokuwepo walicheka, kwa sababu aliyesema ni mtani, na hakuna aliyemuuliza mara ya pili, kwa sababu mtani haulizwi mara ya pili. Kicheko kile kilipanda gari, kikafika Karema, kikafika mjini Mpanda, na kilipofika hakikuwa kicheko tena, kilikuwa habari. Bibi Séverine alifariki mwezi Septemba mwaka huo huo akiamini kwamba amezaa mtoro.

Marehemu aliteremka katika stesheni ya Mpanda tarehe 3 Novemba 1979, akitembea kwa mkongojo, akitokea hospitali alikolazwa tangu mwezi Machi, na vijana waliokuwa wakibeba mizigo walimhesabia "moja, mbili, tatu" kama wanaoanzisha mbio. Hakuelewa mpaka alipofika nyumbani na kuonyeshwa kaburi la mama yake. Kesho yake alimfuata Bwana Kija kilabuni, akamshika ukosi wa shati, na kabla hajasema neno wazee wa pande zote mbili waliwaamua na kumkumbusha desturi, kwamba amemkasirikia mtani, hivyo atoe beberu mweusi. Alikuwa mtu wa heshima, alitoa beberu siku hiyo hiyo, akaomba radhi kwa mikono miwili. Hilo ndilo kosa ambalo mtu wa ukoo usio na watani asingelifanya, maana mji ulilala na kuamka ukisema, "Angekuwa hana lake, asingelipa." Kuanzia hapo salamu yake sokoni ikawa "Mbio salama, Sajenti?" naye alijibu "Salama" kwa karibu miaka kumi na minane.

Ndugu walimuuliza kwa nini hasemi yaliyotokea, akajibu kuwa askari hamshtaki kwa raia mtu aliyelala naye handaki moja, anamsubiri aseme mwenyewe. Alistaafu mwaka 1986 kwa sababu ya nyonga, akajenga hapa Ilembo, akalima mahindi na karanga Litapunga akiwa amekaa kwenye kigoda, akisogeza kigoda hatua kwa hatua mpaka mwisho wa tuta, na aliendelea kusubiri. Wakati huo Bwana Kija alikuwa amefanywa mkufunzi wa mgambo, akiwasimulia vijana jinsi alivyombeba majeruhi begani chini ya mizinga, na baadhi ya vijana hao ni watu wazima sasa, wamo humu, wanaikumbuka hadithi hiyo vizuri.

Mwezi Februari 1993 Ezekia, mtoto wa kwanza wa marehemu, alifika mbele ya kamati ya kuchagua vijana wa kwenda jeshini, akiwa na afya njema na cheti cha kidato cha nne, na Bwana Kija, aliyekuwa mjumbe, alimtazama akasema, "Huyu wa kwa Lyamba tumpeleke riadha," wajumbe wakacheka, wakaandika jina lingine. Kwa hiyo kizazi cha nne cha nyumba hii hakikuvaa sare, na hakikukataa, kilikataliwa kwa mzaha. Jioni hiyo marehemu alimkuta mwanawe ameketi nyuma ya nyumba na lile koti la babu magotini, hakumpa pole, alimwambia, "Mtani hajibiwi sokoni, mwanangu. Hujibiwa msibani. Na msiba wenyewe utakuwa wangu." Kuanzia siku ile hakusubiri tena, alianza kujiandaa.

Afya yake ilidhoofika kuanzia Agosti 1996, vipande vya chuma vilivyobaki katika nyonga vilipoleta usaha, na tarehe 18 Machi 1997 alilazwa katika hospitali ya wilaya hapa Mpanda. Katikati ya mwezi Aprili Bwana Kija alimtembelea akiwa na machungwa, akasimama miguuni mwa kitanda, akasema, "Sajenti, safari hii hukimbii." Wauguzi walidhani mgonjwa atalia, lakini alitabasamu, akamshika mkono, akamwambia, "Mtani wangu, nikifa uje, tena ukae mbele, usije ukakosa kusikia." Bwana Kija aliahidi, na kama tulivyosema, ametimiza. Marehemu alifariki siku ya Jumanne, tarehe 6 Mei 1997, alfajiri, akiwa na umri wa miaka arobaini na minane, miezi minane na siku ishirini na mbili, mkewe akiwa amemshika kichwa.

Tangazo la kifo lilisomwa na Radio Tanzania siku ya Jumatano, kwa maneno aliyoyachagua marehemu, yaliyotaja namba ya kikosi chake na kumwomba Mustapha Abdillah wa Ujiji, popote alipo, afike. Bwana Mustapha alifika jana kwa treni, akibadilisha pale Kaliua, na ndiye yule pale mwenye kanzu ya kijivu na mguu wa mbao. Jana mchana, mbele ya Padre, wazee wa Lyamba na wazee wawili wa ukoo wa Bwana Kija ambao tuliwaita makusudi, alieleza yafuatayo, na familia imeyaandika kama alivyoyasema.

Alasiri ya tarehe 11 Machi 1979, katika barabara inayokatiza kinamasi cha mafunjo, kikosi kilishambuliwa na kuamriwa kurudi nyuma, na bunduki nzito ya rashasha iliachiwa watu wawili wa kuwafunika wenzao, nao walikuwa Mustapha na Kija. Mustapha alipopigwa pajani alimwita mwenzake kwa jina, na mwenzake aliweka chini mkanda wa risasi, akakimbia, akampita Sajenti Alois njiani. Sajenti alimuuliza, "Mustapha yuko wapi?" akajibiwa, "Amekufa." Sajenti aligeuka, akarudi peke yake kule walikokuwa wakitoka wote, akamkuta maiti huyo anamwita mama yake, akamburuta ndani ya maji ya mafunjo mpaka jua lilipozama, na humo ndimo alimopata chuma cha nyonga kilichomuua Jumanne. Aliyembeba majeruhi begani chini ya mizinga tunamzika leo. Aliyesimulia amekaa mbele.

Sasa kwa desturi yetu watani ndio wanaofukia kaburi, wakitukana na kuchekesha, kisha wanadai haki yao. Haki ya Bwana Kija ipo, beberu mweusi amefungwa nyuma ya nyumba, na marehemu aliagiza apewe papo hapo ikiwa atasimama sasa na kumwambia Bwana Mustapha, macho kwa macho, kwamba ni mwongo. Asipoweza, atachukua koleo lile lililoegemezwa ukutani, atafukia yeye wa kwanza, na atafukia kimya, kwa kuwa mtani anayezika kimya si mtani wa mtu tena, na kuanzia udongo wake wa kwanza utani wa nyumba yake na nyumba hii utakuwa umekwisha, pamoja na ruhusa yote aliyokuwa nayo ya kutusema. Msomaji ameagizwa kunyamaza hapa ili Bwana Kija ajibu.

Tunaendelea. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa hospitali ya wilaya waliomuosha marehemu vidonda bila kukunja uso, majirani wa Ilembo waliotuletea kuni, maji na mahindi tangu Jumanne, askari wastaafu wenzake waliokesha nasi, na Bwana Mustapha Abdillah aliyesafiri siku mbili kwa mguu mmoja kuja kulipa safari aliyosafirishwa. Tunawashukuru pia wazee wawili wa ukoo wa Bwana Kija, ambao jana waliposikia hawakumtetea.

Marehemu ameacha mjane, watoto wanne, na koti la Burma, ambalo kuanzia leo ni la Ezekia.

Sajenti Alois, mwana wa Callixte, mjukuu wa Lyamba, hukurudi peke yako. Zamu yako ya lindo imekwisha, pumzika kwa amani wewe, na anayestahili kukosa usingizi sasa anajulikana kwa jina.