Mdokozi Alikuwa Mpishi

Ndugu, jamaa na majirani mliofika kutushika mkono, poleni na safari, na poleni na msiba. Kabla sijaenda mbali, naomba mwangalie jalada la ratiba mliyoishika. Chini ya picha ya marehemu pameandikwa "Mhandisi". Jalada hilo lilichapwa Jumatano. Karatasi hii iliyopachikwa katikati, ambayo ndiyo ninayoisoma mimi dada yake mkubwa, iliandikwa jana Ijumaa, na ndani yake hamtamkuta mhandisi. Naomba mnivumilie.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Agosti 1986 katika hospitali ya wilaya, akiwa mtoto wa tatu na kitinda mimba wa baba yetu, ambaye wengi wenu mnamwita Mwalimu, na mama yetu mshonaji. Alizaliwa na uzito mdogo, na nadhani maisha yake yote ya utotoni alikuwa akiutafuta. Kabla ulimi wake haujakata maneno vizuri, mkono wake ulishajua kufunua sufuria. Mama akigeuka kuchukua chumvi, kipande kimoja cha nyama hakipo. Shangazi ndiye aliyembandika jina la Mdokozi, likakolea kuliko la cheti. Akikamatwa hakuwa anakana. Alikuwa anasema tu, "Lakini Mama, ilikuwa haijaiva." Na mara nyingi ilikuwa haijaiva kweli.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1993 katika shule ya msingi ambayo mwalimu mkuu wake alikuwa baba yake mzazi. Waliosoma hivyo wanajua kwamba kengele ya kutoka huwa haikuhusu. Kuanzia mwaka 2000 alisoma sekondari katika shule ya bweni ya wavulana, ambako hesabu na fizikia kwake zilikuwa mchezo. Adhabu pekee tuliyowahi kuisikia ni ile aliyopewa kwa kukutwa jikoni, akibishana na mpishi wa shule kwamba vitunguu vyapaswa kukaangwa kwanza, si kutupiwa mwishoni. Mwaka 2006 akapata nafasi ya kusomea uhandisi wa maji ng'ambo. Ukoo mzima ulichanga nauli yake, na siku ya kumsindikiza Baba alivaa suti aliyofungia ndoa. Tangu siku hiyo kijana akawa anaitwa Mhandisi, kabla hajafungua hata daftari.

Huko ng'ambo alipanga chumba kimoja juu ya duka la viatu, na jioni akawa anaosha vyombo katika mkahawa wa chakula cha Kiitaliano uliokuwa mtaa wa pili. Jiko lake lilikuwa chini ya ardhi, lenye kidirisha kimoja ambacho ukiangalia nje unaona miguu ya wapita njia tu. Mama mzazi wa mwenye mkahawa, kikongwe ambaye Mdokozi alimwita Bibi, alikuwa anakaa kwenye kona akikanda unga. Alimfundisha kwamba kaskazini mwa nchi yao tambi zinakandwa kwa mayai, kusini zinakandwa kwa maji matupu, na kwamba kuna familia zimeacha kusalimiana kwa sababu ya jambo hilo. Mdokozi alinipigia simu akicheka peke yake. "Dada, hawa watu ni kama sisi. Wanagombania sufuria!" Nikamuuliza mitihani inaendeleaje. Akabadilisha mada.

Mwaka wa tatu aliacha uhandisi. Nataka hili lisikike vizuri, kwa sababu hakumficha mtu. Alimpigia Baba mwenyewe, na mimi nilikuwapo sebuleni, simu ikiwa na sauti ya juu.

"Baba, nimeacha chuo. Nimeajiriwa jikoni. Ninapika."

"Unapika nini?"

"Chakula cha Kiitaliano."

"Kwani wewe ni Mwitaliano?"

Simu ikakatwa, na sitasema na nani. Kesho yake jirani alipouliza habari za Mhandisi, Baba alijibu kwamba Mhandisi hajambo. Uongo ukaanza hapo, na sote tuliokuwa mle ndani tukaitikia.

Marehemu aliifanya kazi hiyo ya jikoni kuanzia mwaka 2009 hadi ugonjwa ulipomtoa. Katika mkahawa ule, kabla milango haijafunguliwa, wafanyakazi wote huketi meza moja wakala pamoja, na mpishi wa zamu hupika anachotaka. Zamu yake ikifika, Mdokozi alipika mkoa mmoja wa Italia. Leo wa milimani, unga wa mahindi wa manjano uliosongwa na kumwagiwa jibini. Wiki ijayo wa pwani ya kusini, tambi ndogo zenye umbo la sikio, alizozivuta kwa dole gumba moja moja hadi kidole kikapata sugu. Wenzake wakawa hawasemi "habari za asubuhi" tena, wanasema "Leo tuko wapi?" Nchi yenyewe hakuwahi kuikanyaga. Mara mbili aliomba ruhusa ya kuingia, na mara mbili alinyimwa. Alijifunza yote kwa mikono ya Bibi na ya wasafiri aliowabana kwa maswali hadi chakula chao kikapoa. Alipanda hadi kuwa msaidizi wa mpishi mkuu. Ukuu wenyewe aliutamani sana na hakuufikia. Nasema hivyo wazi kwa sababu leo hatugawi vyeo vya bure.

Desemba 2014 alikuja likizo. Wengi mlimwona. Siku ya pili tu fundi cherehani wa jirani akaja kumwomba aitazame pampu ya kisima chake iliyokufa. Baba akasema, "Nenda, Mhandisi, kawasaidie." Mdokozi alinitazama, akaenda. Alichuchumaa mbele ya pampu ile kwa heshima zote, akaigonga hapa na pale, kisha akamwambia mke wa fundi, "Mama, hii inataka fundi wa pampu. Lakini mna nyanya?" Usiku ule familia ya fundi cherehani ilikula vizuri, na kesho yake wakatangaza mtaani kwamba mhandisi wetu hana majivuno.

Likizo hiyohiyo alitaka kutupikia wali wa Kiitaliano, ule unaokorogwa kwa mchuzi hadi unakuwa kama uji mzito. Alimsihi Shangazi jambo moja: mchele usioshwe, kwa sababu wanga wake ndio unaozishikanisha punje. Shangazi akaitikia. Mdokozi alipotoka kwenda kununua siagi, Shangazi akauchukua mchele akauosha maji matatu, kwa kuwa hakuna mtu atakayelishwa vumbi nyumbani kwa kaka yake. Mdokozi alikoroga mpaka bega likamuuma, na punje zikabaki zimeachana kila moja na njia yake. Alipojua kilichotokea alicheka hadi akakaa chini. Baba hakula, alisema anaumwa tumbo. Mdokozi alimfunikia sahani yake mezani, na asubuhi akaimwaga mwenyewe. Mimi nilimwona uso wake, na sikufurahi.

Tarehe 16 Juni 2012 alikuwa amefunga ndoa na mjane huyu mnayemwona mbele, ambaye alikuwa na meza ya mboga katika soko la mtaa ule wa mkahawa, kulekule ng'ambo. Walijuana kwa ugomvi. Mdokozi alikuwa ananusa nyanya moja moja, mpaka mwenye meza akamuuliza, "Wewe kaka, unanunua au unazibusu?" Walijaliwa binti mmoja, sasa ana umri wa miaka tisa, na kama mnavyomwona ameshaanza kuinamia sufuria za watu.

Mwishoni mwa mwaka 2021 alianza kusumbuliwa na koo. Chakula kilikuwa kinakwama. Machi 2022 madaktari walisema ni saratani ya umio. Aliendelea na kazi kwa kuonja na kutema, kikombe kikiwa pembeni ya jiko. Nilipokwenda kumuuguza mwaka jana, kumeza kulikuwa kumeshamshinda kabisa na alikuwa analishwa kwa mpira uliopitishwa tumboni, lakini alitupikia kila siku. Alinipa kijiko. "Onja, Dada. Chumvi?" Nikamwambia iko sawa. Akakasirika. "'Iko sawa' si jibu. Inatosha au haitoshi?" Nilikula huku nalia, naye akaniambia nikilia sitasikia ladha. Aliniuliza pia kama Baba bado anamwita Mhandisi. Nikamjibu ndiyo. Akasema, "Basi siku nikifa hatajua amemzika nani." Alifariki dunia asubuhi ya tarehe 2 Februari 2024, hospitalini, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mkewe.

Mjane alifika na mwili juzi Alhamisi. Tulimkaribisha sebuleni, na hapo mezani akakuta ratiba zimepangwa. Alisoma jalada, akalirudisha mezani.

"Mimi sikuolewa na mhandisi," alisema. "Huyu mnayetaka kumzika simfahamu. Nitakaa msiba wa mume wangu tu."

Baba mdogo, mwenyekiti wa kamati ya mazishi, akajaribu kupoza. "Tulia, mwanangu. Hayo ni maneno ya jalada tu."

"Kama ni maneno tu, Baba mdogo, yafuteni."

Baba aliinuka akaingia chumbani. Jana asubuhi alitoka, hajanyoa, akanikuta barazani nikiwa na kalamu na karatasi tupu.

"Andika mpishi," akasema.

"Na jalada?"

"Jalada limeshachapwa. Watakaouliza waje kwangu, wasimsumbue mjane. Uhandisi nilimpa mimi. Nitasimama niwaambie mwenyewe."

Nilimuuliza kama ataweza. Akarudi ndani kunyoa. Nina hasira na baba yangu hadi dakika hii, na ninampenda, na vyote viwili nimekuja navyo hapa.

Marehemu ameacha mjane, binti mmoja, baba na mama, sisi dada zake wawili, Shangazi, baba mdogo na ukoo uliomsafirisha, Bibi aliye hai bado na aliyetuma salamu kwa kilio, na jiko zima la watu ambao zamu yake ikifika sasa hawajui waulize nini.

Nikimaliza kusoma, nafasi ni ya Baba. Amesema atasimama na kulitamka neno hilo mbele yenu. Akisimama, msikilizeni bila minong'ono. Asiposimama, msimsubiri, limeshasomwa. Mdokozi alikuwa mpishi.

Mungu ampe mapumziko ya amani.