Asiyefagia Uwanja Hachezi

Bajaji yetu ilipotoka stendi ya Lindi, binti aliyekaa kando yangu alimwamkia mwanamke aliyekaa upande wangu wa pili. "Shikamoo, mwenyekiti. Mimi Adija, mdogo wake Saida. Nasikia mmemwondoa kwenye fainali ya leo."

"Marahaba, mwanangu. Klabu yetu ya netiboli haina mwajiriwa. Asiyefagia uwanja hachezi. Hata mimi hufagia, na kiuno changu hiki!"

"Saida anamuuguza mama. Bila yeye nani atafunga magoli? Kiuno chako?"

Nilicheka, nikajifanya nakohoa. Mwenyekiti alicheka waziwazi, kisha akatulia. "Mwaka jana nilimsamehe mchezaji mmoja, na shida yake ilikuwa ya kweli. Juma lililofuata kila mtu alikuwa na mgonjwa wake. Nilifagia peke yangu."

"Basi nitafagia mimi kwa niaba yake."

"Kujitolea hakutumwi mtu, Adija."

"Na kuuguza je, si kujitolea?"

Bajaji ilisimama kando ya uwanja. Mwenyekiti alishuka na ufagio wake wa chelewa, akaanza kufagia. Adija naye alishuka, akavunja tawi la mwarobaini, akaanza kufagia kutoka goli la upande wa pili.